Pima Maji Kwanza, Ndipo Urefushe Koki

Ukienda duka la vifaa vya bomba pale Chalinze au Bagamoyo mjini ukaomba kitu cha kurefusha koki ya jikoni, kitakachowekwa mezani kwanza ni kile kinachong'aa: mkono wenye viungo viwili, umepakwa kromu, unakunjika huku na huku. Muuzaji atauzungusha mbele yako. "Huu wa kisasa, mama, unafika kila kona." Unafika kweli, ukiwa mkavu. Shida huanza nyumbani, pale unapofungua koki na maji yaliyokuwa manene jana yanatoka uzi mwembamba.

Kirefusho huchaguliwa kwa kuangalia maji ya nyumba yenyewe: yana nguvu kiasi gani, yamebeba nini, na hukatika mara ngapi. Rangi, umbo na hesabu za digrii zilizoandikwa kwenye boksi hufuata nyuma kabisa.

Nasema hivi kwa sababu ukanda wetu una maji ya kila namna. Ubena Zomozi na vijiji vingine vya barabara ya Morogoro hutegemea mradi wa Chalinze, unaochota Mto Wami. Bagamoyo na makazi yanayoota kila siku kando ya barabara ya Dar, yaani Zinga, Kerege, Mapinga, yako upande wa Ruvu Chini, mtambo ulioanza kazi mwaka 1976. Kote huko mwenye bomba ni mamlaka ya maji, DAWASA. Mito yote miwili hubeba tope masika. Aliyechoka kusubiri amechimba kisima, na visima vingi vya upande huu vina chumvi. Juu ya hayo kuna mgao, na waliokuwapo mwishoni mwa 2022, Ruvu iliposhuka na Dar na Pwani zikaingia kwenye ratiba, hawahitaji kukumbushwa. Nyumba moja inaweza kuwa na maji ya DAWASA Jumatatu, ya simtanki Jumatano, na ya boza la jirani Ijumaa, yote yakipita koki ileile.

Kwanza jiulize unarefusha ili iweje. Wengi wanataka koki ifike katikati ya sinki, maana fundi aliifunga karibu mno na ukuta na kila ukiosha sahani maji yanarudi kifuani. Mwingine ana sufuria la pilau lisiloingia chini ya koki. Mwingine anajaza dumu lililo sakafuni. Kuna na mwenye mtoto wa miaka mitatu ambaye mikono yake haifikii maji hata akipanda kigoda. Haya ni mahitaji manne, na kifaa kimoja hakiyamalizi yote ingawa boksi litaahidi hivyo. Wa dumu hahitaji kirefusho chochote. Anahitaji kipande cha mpira cha kuvaa na kuvua. Wa mtoto anatosheka na kile kidude cha silikoni kinachovishwa mdomoni mwa koki na kusogeza maji mbele sentimita kadhaa. Ni rahisi, hakihitaji spana, na mtoto akikua unakitoa. Wa sufuria anahitaji kimo, na kimo hakipatikani kwa kurefusha, kwa hiyo nitamrudia baadaye. Anayebaki ni wa sinki, na sehemu kubwa ya maneno yangu ni yake.

Sasa presha. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa bar moja. Fanya hesabu ya nyumba ya kawaida: mnara wa tofali wa mita tatu, juu yake simtanki la lita elfu moja, ambalo likijaa lina maji ya kimo cha mita moja na kitu. Koki ya sinki iko karibu mita moja kutoka sakafuni. Tangi likiwa limejaa una mita tatu za maji juu ya koki yako. Likikaribia kwisha unabaki na mbili. Hiyo ni bar 0.2 hadi 0.3. Virefusho vingi vinavyouzwa vimebuniwa kwa nyumba za mijini huko viwandani vinakotoka, ambako bomba lina bar mbili, tatu au zaidi. Ndani ya mdomo wake mna kichujio cha matundu madogo cha kuchanganya maji na hewa, ili kidogo kionekane kingi. Maji yenye nguvu hupenya matundu hayo na kutoka meupe, laini, bila kuruka. Maji ya simtanki huyafikia yakasita, kisha yakadondoka.

Kipimo hakihitaji fundi. Chukua ndoo ya lita 10, iweke chini ya koki ya jikoni, fungua mpaka mwisho, tazama saa ya simu. Ikijaa ndani ya dakika moja au pungufu, una maji ya kutosha kwa kirefusho karibu chochote. Ikichukua zaidi ya dakika mbili, maji yako ni machache, na unatakiwa ukikwepe chochote chenye kitufe cha kubadili "mvua" na "mkondo", chochote chenye kichujio kisichofunguka, na chochote chenye njia nyembamba kama kalamu. Pima siku ya maji ya tangi, tena tangi likiwa nusu. Ukipima siku ya maji ya DAWASA yenye kasi utajidanganya, kwa sababu siku utakayokihitaji kirefusho kwa hasira ni ile nyingine.

Dukani, tazama ndani ya kifaa kwa kukielekeza kwenye mwanga. Tundu liwe wazi toka mwanzo hadi mwisho na lisipungue sana tundu la koki yako. Mkono wenye viungo viwili hauwezi kukuonesha mwanga, umejikunja. Hapo muombe muuzaji aukunjue au akufungulie kiungo. Akikataa, nenda duka la pili.

Kuhusu tope, dawa ni ileile ya kichujio kinachofunguka. Masika, Wami na Ruvu zikishuka na udongo, na hasa bomba likikatika likarudi, mchanga mwembamba hukimbilia kwenye wavu wa mwisho. Ukiwa na kichujio cha kufungua kwa vidole unakigonga, unakisuuza, unaendelea na mapishi. Kikiwa kimegundishwa, umenunua kitu cha msimu mmoja. Kwa nyumba ya simtanki mimi ningekitoa kichujio kabisa nikabaki na mdomo mtupu. Maji yataruka kidogo. Afadhali yaruke kuliko yasitoke.

Tukija kwenye kufunga, hapa ndipo nauli nyingi za kurudi dukani zinapoliwa. Koki za sinki zenye shingo iliyopinda huwa na kikofia mdomoni kinachofunguka. Kivingirishe kitambaa ili spana isikikwaruze, kifungue. Ukikuta meno yapo nje ya mdomo wa koki, mara nyingi ni ya milimita 22. Ukikuta yapo ndani, mara nyingi ni ya 24. Virefusho vizuri huja na kipete cha kubadilisha kati ya hizo mbili. Uliza kama kipete kimo ndani ya boksi kabla ya kulipa, maana maboksi hufunguliwa na vipete hupotea.

Lakini nyumba nyingi za huku hazina koki ya namna hiyo. Zina bibkoki, ile ya kuzungusha inayotoka ukutani, ileile iliyoko uani. Hiyo ina kipua cha kuvishia mpira. Ukikifungua unaweza kukuta meno makubwa chini yake. Usiamini rula peke yake, kwa kuwa vipimo vya fundi bomba havilingani na unachokiona. Meno yanayoitwa ya nusu inchi yana upana wa karibu milimita 21 ukiyapima kwa nje, na ya robo tatu yanazidi 26. Na koki iliyofungwa ukutani kwa nusu inchi mara nyingi mdomo wake ni wa robo tatu. Mtu akisema dukani "koki yangu ya nusu" anapewa cha nusu, anafika Ubena, hakiingii. Njia ya uhakika ni kubeba kile kikofia au kipua ulichokifungua, ukitie mfukoni, na kukijaribisha kwenye kifaa hapohapo kauntani. Baadhi ya bibkoki za bei ya chini zimeyeyushwa pamoja na kipua chao na hazifunguki. Kwa hizo kuna mpira wenye klipu tu, au kubadili koki.

Vile vya kuvisha bila meno, vya mpira na silikoni, vina sifa mbaya kuliko vinavyostahili. Kwenye maji ya simtanki vinakaa vizuri, kwa sababu hakuna presha ya kuvifukuza. Kwenye maji ya DAWASA usiku wa manane, nguvu ikiwa juu, huchomoka na kugonga sinki. Ukivitumia huko, funga klipu ya chuma na usiiache koki wazi ukaenda sebuleni.

Jambo jingine la kufunga ni uzito. Mkono mrefu wa chuma uliojaa maji, ukivutwa na mtoto au ukisukumwa na sufuria, unaikamua koki kwenye shina lake. Kama bomba lako limepita ukutani kwa plastiki, kinachovunjika ni elbo iliyo ndani ya plasta, na hapo kirefusho cha elfu kadhaa kimekuletea kazi ya kuvunja marumaru. Ikiwa koki yenyewe inacheza ukiishika, itengenezwe kwanza. Na kila ukiugeuza mkono, shika koki kwa mkono wa pili mpaka viungo vilainike.

Kuna maneno ya boksi kuhusu digrii: 360, 720, 1080. Maana yake ni idadi ya viungo, kila kiungo kikihesabiwa mzunguko mmoja. Kila kiungo kina pete ya mpira ndani, na kila pete ni mahali pa kuvuja siku moja. Sinki la jikoni la kawaida linahitaji kiungo kimoja. Viwili ukipenda. Cha 1080 ni cha kuoshea nywele, na hata huko sina hakika nani amekiomba.

Malighafi ya kifaa ina uzito wake katika ukanda wa bahari. Kromu inang'aa juu ya vitu vitatu tofauti, na dukani vyote vinaitwa chuma. Chungulia kwenye meno ya ndani, ambako rangi haikufika vizuri. Ukiona njano, ni shaba. Ukiona kijivu kisichong'aa, ni zinki, nayo hewa ya chumvi huipasua kromu yake ikaanza kufanya vipele. Ukiona nyeupe au nyeusi na kifaa ni chepesi mkononi, ni plastiki iliyopakwa. Kwa maji ya mto yaliyotibiwa, shaba ndiyo ya kununua, ingawa bei yake inauma. Kwa maji ya kisima cha chumvi nitasema jambo ambalo wauza duka hawalipendi: nunua plastiki tupu, isiyopakwa kitu, ile nyeupe ya sura mbaya. Chumvi huila hata shaba, huinyonya zinki yake taratibu mpaka meno yanabaki laini. Plastiki haiijui chumvi. Ukinunua ya kromu itakuaibisha kabla plastiki haijachakaa.

Shaba nayo ina neno lake. Ya zamani na ya bei chee huwa na risasi ndani, iliyochanganywa ili ikatike vizuri kiwandani. Marekani iliruhusu hadi asilimia 8 kwenye vifaa vya bomba mpaka ilipofika Januari 2014, ikashusha kikomo hadi asilimia 0.25 kwa sehemu zinazogusa maji. Hatuwezi kuipima risasi kwa macho, lakini tunaweza kuacha maji yaliyolala usiku kucha ndani ya koki yatoke kwanza. Yakinge kwenye ndoo, yamwagie mchicha. Maji ya chai yatoke baada ya hapo, na kuyachemsha kusikudanganye katika hili. Moto unaua vijidudu, risasi inabaki. Kwa sababu hiyohiyo ya usalama, mpira wa bustani usitumike kuwa kirefusho cha kudumu cha maji ya kunywa. Ukikaa na maji ya moto wa jua ndani yake hutoa harufu na ladha ya plastiki, na utelezi mweusi unaoota ndani huwezi kuufikia kwa brashi.

Nimefika kwenye jambo ambalo lingetosha kuwa makala nzima.

Mdomo wa kirefusho usilale ndani ya maji. Usizame kwenye sinki lililozibwa lenye vyombo vya mafuta, usizame kwenye ndoo, usizame kwenye beseni la samaki. Kwa nyumba ambayo maji hayakatiki hili ni kosa dogo. Kwa nyumba yenye mgao ni kosa kubwa, na sababu ni rahisi kuiona ukifikiria bomba linalotelemka kutoka kwako hadi kwa jirani wa bondeni. Maji yakikatwa, yaliyobaki kwenye bomba hutiririka kwenda chini. Yakienda huacha mvuto nyuma yake. Koki yako ikiwa imesahauliwa wazi, kama tunavyofanya wote tukisubiri maji yarudi, na mdomo wake umezama kwenye beseni lenye magamba na utumbo wa kibua, beseni lile hunyonywa kurudi bombani. Maji yakirudi usiku, kinachotoka kwanza kwenye koki ya mtu fulani ni supu ya kuoshea samaki wako. Wala jirani hawi peke yake. Ikiwa simtanki lako linalishwa na bomba hilohilo bila valvu ya kuzuia maji kurudi, umejinywesha mwenyewe.

Hili si la kufikirika. Mwaka 1933, Chicago ikiwa na maonesho makubwa ya dunia, watu wapatao 1,400 waliugua kuhara damu kwa amiba na 98 wakafa. Uchunguzi uliishia kwenye mabomba ya hoteli mbili, ambako maji machafu yalipata njia ya kuingia kwenye maji ya kunywa. Tangu zamani hizo mafundi wamekuwa na kanuni ya nafasi ya hewa: kati ya mdomo wa koki na ukingo wa juu wa sinki pawe na uwazi wa angalau mara mbili ya upana wa bomba, na usipungue inchi moja. Zingatia kwamba kipimo kinaanzia ukingoni, mahali maji yanapoanza kumwagika, wala si kwenye sakafu ya sinki. Koki za sinki hutengenezwa zikiwa na uwazi huo. Kirefusho kinachoning'inia ndicho kinachouondoa.

Kwa hiyo, kabla ya kununua, pima kwa rula kutoka mdomo wa koki hadi usawa wa ukingo wa sinki. Tuseme ni sentimita 12. Kirefusho kinachoshuka sentimita 8 kitakuachia nne, sawa. Kinachoshuka 15 kinaingia ndani ya sinki, na kwa nyumba ya Mapinga au Ubena mimi ningekirudisha rafuni hata kama ni cha shaba. Ile shingo ya springi inayopindwa upendavyo ichukue tu kama inabaki ilipowekwa; zikizeeka hulegea na kuinamia maji zenyewe. Mpira wa dumu uvuliwe kila ukimaliza na utundikwe msumarini, ncha ikitazama chini ili ukauke. Na jikoni pawe na desturi moja ambayo hata dada wa kazi na wageni wanaijua: maji yakikatika, koki inafungwa.

Usafi wa kifaa si kazi kubwa. Maji ya kisima huacha chokaa nyeupe kwenye matundu. Loweka kichujio kwenye siki au maji ya ndimu kwa nusu saa, sugua kwa mswaki wa zamani, suuza. Sehemu za kromu zisikae humo muda mrefu. Cha silikoni kinachemshwa. Anayetumia dawa ya kufulia yenye klorini asiichanganye na siki wala ndimu hata kidogo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na jiko dogo la madirisha yaliyofungwa kwa ajili ya mbu si mahali pa kuivuta.

Sasa yule wa sufuria la pilau. Ndugu yangu, usinunue kirefusho. Unachohitaji ni koki ya shingo ndefu, ile inayopanda juu kabla ya kupinda, na wengi wakiuliza bei wanakuta si mbali sana na ya mkono wa kisasa wa shaba. Inaingia kwenye tundu lilelile la nusu inchi. Muombe fundi aje na utepe mweupe wa kuzungushia meno, afunge maji kwenye getivalvu, atoe koki ya zamani, aweke mpya. Kama hakuna kutu ni kazi ya muda mfupi. Ushauri huu unamfaa pia yule wa sinki ambaye bibkoki yake haifunguki mdomo. Na kama nyumba bado iko kwenye msingi au plasta haijapigwa, simama na fundi siku anapotega bomba la jikoni, ukiwa na sufuria lako kubwa kuliko yote. Liweke pale sinki litakapokaa, mwoneshe kwa mkono maji yanapotakiwa yaangukie, na umwambie aache tundu kwenye kimo hicho. Atakwambia sinki zote hufungwa kimo kimoja. Mjibu kwamba sufuria ni lako.